Kitambaa cha Mteja: Ruzuku Ndogo za Vikundi vya Afya Ni Kitu Gani Hasa

Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa saa mbili usiku: "Fomu za ruzuku kwa vikundi vya afya zimetoka, wahini kwa mtendaji." Haijafika saa tatu, watu wameshagawanyika. Mmoja anauliza riba ni asilimia ngapi. Mwingine anasema hizo ni zile asilimia 10 za halmashauri. Wa tatu anashikilia kuwa ni pesa za TASAF, hivyo mwenye nyumba ya tofali asijisumbue. Mama mmoja wa kikundi cha wagonjwa wa kisukari anauliza swali ambalo hakuna anayemjibu: "Sasa tukipewa, tunagawana au tunafanyia nini?" Na yupo yule asiyekosekana kwenye kundi lolote, anayeandika kwa herufi kubwa: "WAMAREKANI WAMESHAFUNGA, HAKUNA HELA TENA."

Karibu kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba vipande vyenyewe vimetoka kwenye nguo tofauti.

Lawama ya kwanza liibebe neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka Uarabuni. Tunasema fulani Mungu amemruzuku mtoto, nayo masikio yetu yamezoea kwamba kilichoruzukiwa kimeshuka kutoka juu, hakina maelezo wala hakidaiwi. Kisha serikali nayo ikalichukua neno na kulifanyia kazi kila mahali. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wa Tanzania wanaijua mbolea ya ruzuku, ambapo serikali hulipa sehemu ya bei na mkulima akamalizia. Vyama vya siasa vinavyokidhi masharti hupata ruzuku kutoka Hazina. TASAF, mfuko ulioanza mwaka 2000, hupeleka ruzuku kwa kaya maskini, na huko pesa ikishafika ni ya kaya. Hizo ni ruzuku tatu, kila moja na tabia yake, na hakuna hata moja kati yake iliyotajwa kwenye ule ujumbe wa saa mbili usiku.

Ruzuku ndogo ya kikundi ni fedha ambayo mfadhili anakipa kikundi ili kifanye kazi waliyokubaliana, ndani ya muda waliokubaliana. Fedha hairudishwi, ila hesabu ya ilivyotumika lazima itolewe. Watu husikia "hairudishwi" wakaanza kupiga makofi. Neno "hesabu" huwapita.

Mimi nikilieleza jambo hili kwa wanakikundi huwa naenda moja kwa moja kwa fundi cherehani. Mteja anakuletea kitambaa mita tatu, anakuonyesha mshono anaoutaka, mnapatana siku ya kujaribisha na siku ya kuchukua. Kitambaa kiko kwako, mkasi ni wako na ujuzi ni wako, wala hakuna atakayekuja kudai mita zake tatu zirudi kama alivyozileta. Lakini kitambaa hakijawa chako. Huwezi kumkatia mwanao kaptula kwa sababu umeona kitabaki. Ukigundua mshono alioutaka hauingii kwenye mita tatu, unampigia simu kabla hujakata. Na siku ya kuchukua anataka gauni lake pamoja na vipande vilivyosalia.

Mkopo si hivyo. Hapo umekwenda dukani ukachukua kitambaa kwa deni. Ushone gauni, ushone pazia, kiliwe na panya, mwenye duka hana habari, anachotaka ni pesa yake mwisho wa mwezi. Na zawadi ni kile kitambaa unachopewa sikukuu na shangazi: shona unachotaka, au kiweke sandukuni mpaka kichakae.

Mfano huu una kasoro moja, na kasoro yenyewe inafundisha. Kwa fundi, anayelipa ndiye atakayelivaa gauni. Kwenye ruzuku, anayelipa yuko ofisini Dar es Salaam au ng'ambo, na anayevaa ni mzee wa Mbagala mwenye presha. Mfadhili hawezi kujipima akajua kama gauni limekaa vizuri. Ndiyo maana anataka karatasi: orodha ya mahudhurio yenye saini, picha, risiti, ripoti ya miezi mitatu. Wanakikundi wengi huichukulia karatasi hiyo kama dharau, kama vile wanashukiwa wizi. Mara nyingine wanashukiwa kweli. Mara nyingi zaidi ni kwamba mtu yuko mbali na hana namna nyingine ya kuona.

Afya na ustawi ni vya nani

Tangazo likisema "vikundi vya afya na ustawi", watu hudhani linawataka wenye makoti meupe. Sivyo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, na si kukosa maradhi tu. Kwa tafsiri hiyo, kikundi cha jogging kinachoziba nusu ya barabara ya mtaa Jumapili alfajiri ni kikundi cha afya. Wamo pia akina mama wanaofundishana kupika uji wa lishe, wazazi wa watoto wenye selimundu, watu waliopona kifua kikuu wanaowatembelea waliokatisha dawa, konga, yaani mabaraza ya watu wanaoishi na VVU, na wastaafu wanaokutana ili upweke usiwaue kabla ya siku zao. Hata kikundi cha kuzikana, kikiamua kuangaliana kabla ya kuzikana, kimeshaingia.

Wapo wanaovichanganya vikundi hivi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale WAJA. Hao wana mpango wao wa serikali uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kufikia wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, ndani ya miaka mitano. WAJA anachaguliwa, anapelekwa mafunzo na anawajibika kwa mfumo wa afya. Kikundi kinajiunda chenyewe na kinawajibika kwa wanachama wake. WAJA anaweza kuwa mwanakikundi, na ni vizuri akiwa, lakini pesa yake na pesa ya kikundi zinapita milango tofauti.

Asilimia 10 siyo ruzuku

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko wote. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliongezewa kifungu cha 37A mwaka 2018. Kifungu hicho kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni mkopo usio na riba.

Hilo la kutokuwa na riba ndilo lililowavuruga watu. Mtu aliyewahi kuumwa na kausha damu, akachukua laki mbili na kila wiki akafuatwa mlangoni kudaiwa marejesho, ukimwambia hakuna riba anasikia "bure". Vikundi vikachukua, vingine havikurudisha, vingine havikuwepo isipokuwa kwenye karatasi. Baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuyaanika hayo, mikopo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine.

Kikundi cha afya kinaweza kuomba mkopo huo ikiwa kina shughuli ya kuingiza kipato: kutengeneza sabuni ya maji, kufuga kuku, kusaga unga wa lishe na kuuza. Lakini kikundi cha watu wanaokutana kila Alhamisi kuzungumza kuhusu sonona hakiuzi kitu, na mazungumzo hayatoi marejesho ya mwezi. Nimeshuhudia kikundi cha namna hiyo kikishauriwa kuchukua mkopo "kwa sababu ndio uliopo". Walinunua kuku, kuku wakafa kwa kideri, na mikutano ya Alhamisi ikageuka kuwa mikutano ya kutafutana nani hajalipa. Watu walioanza kukutana ili wapunguze mawazo wakaongezewa.

Ipo njia nyingine halmashauri ambayo vikundi vya lishe huisahau. Mkataba wa lishe kati ya TAMISEMI na mikoa umezifanya halmashauri ziwe zinatenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Pesa hiyo kikundi hakikabidhiwi mkononi. Lakini shughuli za siku ya afya na lishe ya kijiji zinaweza kulipiwa humo, na kikundi kinachojua kupika uji kikawa ndicho kinachopika. Wa kumwona ni afisa lishe wa wilaya.

Maji yanatoka Ruvu

Sasa yule wa herufi kubwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Mwezi Machi serikali yake ikatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, zimefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 USAID ikaacha kutoa misaada, yaliyosalia yakahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Huko mtaani athari zilikuja kwa mafumbo. Kikundi ambacho hakijawahi kumwona Mmarekani kiliambiwa awamu ya pili haiji. Kikundi jirani, kinachofanya kazi ileile, kikaendelea kama kawaida.

Ili kuelewa kwa nini, fikiria bomba. Mkazi wa Tandika anafungua koki, maji yanatoka. Hajawahi kufika Ruvu Chini na hana haja. Siku mtambo ukizimwa huko Bagamoyo ndipo anapojua maji yake yalikuwa yanatoka wapi. Ruzuku nyingi ndogo zinakuja hivyohivyo. Serikali ya nje inatoa fedha kubwa kwa shirika la kimataifa, shirika hilo linakata fungu kwa shirika la kitaifa, nalo linakata kwa asasi ya mkoa, na asasi inakipa kikundi shilingi milioni 4. Kila kiungo kinabakiza sehemu ya uendeshaji. Kikundi kinamjua wa mwisho tu, yule dada wa asasi anayekuja na bajaji.

Lakini mabomba si moja. Ubalozi wa Japani una mpango unaoitwa Kusanone, ulioanza mwaka 1989, unaozipa asasi, shule na halmashauri fedha moja kwa moja. Kanada ina mfuko wake wa miradi ya wenyeji unaopitia ubalozini. Hapa nyumbani, Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na upo Mfuko wa Wanawake Tanzania kwa vikundi vya wanawake. Ongeza kampuni zinazotenga fungu la kurudisha kwa jamii, misikiti na makanisa, na wana wa kijiji walioko Muscat au Minnesota wanaochangishana. Ni kweli mtambo mkubwa mmoja umefungwa, na foleni kwenye mabomba yaliyobaki imerefuka. Hilo ni jambo zito, hasa kwa vikundi vya VVU na kifua kikuu. Ila "hakuna hela tena" si taarifa sahihi.

Neno "ndogo" nalo lina visa vyake. Kwa miaka mingi dari la kawaida la mpango wa Japani lilikuwa yen milioni 10, kiasi kinachozidi shilingi milioni 100 zetu. Mfuko wa Kanada unaweza kufika dola 100,000 za Kanada, ingawa miradi mingi hupata chini ya hapo sana. Kwa balozi hiyo ni ndogo. Kwa kikundi kinachotunza hazina yake kwenye kopo la maziwa ya unga, hiyo ni pesa ya kukiua. Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kujaza fomu: fedha ya Kusanone hujenga na kununua vifaa, hailipi mishahara wala gharama za uendeshaji. Ukihitaji wodi, nenda. Ukihitaji nauli za watu wa kuzungukia wagonjwa, huo si mlango wako.

Cheti kipi?

"Tumesajiliwa" ni neno linalosema nusu tu, maana swali linalofuata ni wapi. Kikundi cha kijamii kinatambuliwa na halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na linaweza kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Chama cha kijamii kinakwenda Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi ya wadhamini inakwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na kikundi cha kuweka na kukopeshana, VICOBA na wenzake, kiko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne. Vikundi vingi vya afya vimeanza kama vya kuweka hisa, na cheti walicho nacho ni hicho cha mwisho. Mfadhili akikiona anauliza cha shughuli za kijamii kiko wapi, mwenyekiti anaona ananyanyaswa.

Je, lazima mwe shirika kamili? Hapana, na ushauri wangu ni msikimbilie huko. Shirika linadaiwa ripoti na ada kila mwaka, na likisaini mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 linatakiwa kuupeleka kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018. Kikundi cha watu 30 kinachotaka milioni 5 kinaweza kupitia asasi mlezi: asasi yenye cheti na mhasibu inapokea fedha kwa niaba yenu na kuwajibika kwa mfadhili, ninyi mnafanya kazi. Mlezi huchukua asilimia yake. Kinachotakiwa ni muandikishane kabla, kwa Kiswahili mnachokielewa wote, asilimia hiyo ni ngapi na fedha inawafikia baada ya siku ngapi. Vikundi vilivyolia havikulizwa na asilimia. Vililizwa na miezi ya kuambiwa "bado haijaingia".

Bila mlezi, cha msingi ni kile ambacho kikundi makini kinacho hata bila mfadhili: katiba inayosomeka, daftari la mihtasari ya vikao, akaunti ya benki yenye watia saini watatu ambao si ndugu, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Simu ya mwenyekiti yenye M-Pesa si akaunti ya kikundi, hata kama mwenyekiti ni mcha Mungu.

Milioni 6 zinaonekanaje kwa karibu

Tuchukue kikundi cha kufikirika, watu 30 wenye kisukari na presha, kimepata shilingi milioni 6 kwa mwaka. Siku taarifa inapofika, mtaa mzima unajua wana milioni 6. Gawanya kwa miezi 12 na watu 30: ni kama shilingi 16,700 kwa kila mtu kwa mwezi. Kitenge cha maana hakipatikani.

Na fedha haiji yote. Tuseme mkataba unasema asilimia 40 mwanzoni, 40 baada ya ripoti ya kwanza, na 20 baada ya ripoti ya mwisho. Yaani milioni 2.4, milioni 2.4, halafu milioni 1.2 baada ya kazi kuisha. Soma hapo tena: kazi yote inatakiwa iwe imekamilika na kuripotiwa kabla ya ile milioni 1.2 kuingia. Pengo hilo kikundi kitalijaza na nini? Wengi hawalioni mpaka mwezi wa kumi, ndipo mtunza hazina anaanza kukopa dukani kwa jina lake. Kama mfadhili anaruhusu mazungumzo, mwombeni awamu ya mwisho iwe asilimia 5 au 10. Wapo wanaokubali, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sasa matumizi. Watu wakipanga bajeti macho huenda kwenye mashine. Mashine ya kupimia sukari ni rahisi, inakaribia kugawiwa bure, kwa sababu muuzaji anajua atakukamata kwenye stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu. Wanachama 30 wakijipima mara nane kwa mwezi, kwa mwaka ni stripu 2,880. Boksi la stripu 50 tukilipigia shilingi 35,000, yatahitajika maboksi 58, ambayo ni shilingi 2,030,000. Theluthi ya ruzuku imekwenda kwenye vipande vya plastiki vinavyotumika sekunde tano na kutupwa. Je, ruzuku ikiisha nani atanunua? Mfadhili atauliza swali hilo kwenye fomu, pale panapoandikwa "uendelevu", na wengi hujibu kwa maneno ya mkutano wa hadhara: jamii itamiliki mradi. Jibu zuri ni la aibu kidogo lakini la kweli: tutapima mara mbili kwa mwezi badala ya nane, kila mwanachama atachanga 2,000, na wasioweza tutawabeba watano.

Kisha risiti. Mwongozo wa mfadhili unasema kila matumizi yawe na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Bodaboda aliyempeleka mgonjwa zahanati hana EFD. Mama aliyepika chai ya kikao hana EFD. Ukimlazimisha utapata risiti ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoandikwa "huduma", na hapo ndipo watu waaminifu wanapoanza kuonekana wezi. Njia iliyo halali ni kukubaliana mapema kwamba malipo madogo yatathibitishwa kwa fomu ya kukiri kupokea, yenye jina, simu, saini na kazi iliyofanyika. Na mtu akipewa masurufu, yaani fedha taslimu za kwenda kufanyia shughuli, arejeshe hesabu kabla hajachukua mengine. Sheria hiyo ikivunjwa mara moja kwa ajili ya mwenyekiti, imekufa.

Swali la yule mama lilikuwa hili: tunagawana? Hapana. Lakini anayefanya kazi anaweza kulipwa nauli na posho iliyoandikwa kwenye bajeti na kukubaliwa. Kugawana ni pale mnapotia saini semina ambayo haikufanyika. Tofauti hiyo kila mtu anaijua moyoni, hata wanaojifanya hawaijui.

Na yale mengine yanayosemwa

Kwamba lazima uandike Kiingereza. Wapo wafadhili wanaopokea andiko la Kiswahili, ulizeni. Wanaodai Kiingereza nao hawatafuti maneno makubwa. Andiko linaloanza na takwimu za dunia na kumaliza bila kusema ni watu wangapi, wa mtaa gani, watafanyiwa nini Jumanne, haliokolewi na lugha yoyote.

Kwamba ni za wenye watu wao. Hapa siwezi kukataa moja kwa moja. Tangazo linalokaa siku kumi na nne kwenye tovuti humfikia mwenye kompyuta na rafiki ofisini. Anayelisikia kwa mtendaji siku ya kumi na mbili hana uwezo wa kushindana naye. Huo hauhitaji rushwa ili uwe upendeleo.

Kwamba kuna ada ya fomu. Hakuna. Anayekuomba elfu 30 ya "kufungua faili" au namba ya siri ya simu ili "kuwaingizia fungu" ni binamu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mfadhili wa kweli anatoa pesa, hachangishi.

Nikiri pia kwamba sheria nyingi za ruzuku hizi zimetungwa na watu wasiojua kikundi kinaishije. Fomu ya kurasa 18 kwa milioni 4 ni mzaha. Miezi 12 haitoshi kubadili jinsi mtaa unavyomwangalia mtu mwenye ugonjwa wa akili. Inatosha kufanya semina mbili na kuchapa fulana. Fulana, kwa kweli, ningeziondoa kwenye bajeti zote nchini. Na mfadhili anayekataa kulipia nauli lakini anakubali bango la uzinduzi ajue kwamba anamnyima chakula mpishi huku akimnunulia sufuria.

Jambo la mwisho huibuka siku mradi ukifungwa, nalo ni mashine ya presha. Kwa mwaka mzima ilikaa kwa katibu, kwa sababu nyumba yake ina grili. Katibu amehamia Chanika. Amehama nayo, na anasema aliitunza yeye. Mkataba mara nyingi una mstari mmoja, ukurasa wa nyuma, unaosema vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha: kikundi, zahanati ya kata, au vinarudi kwa mfadhili. Utafuteni mstari huo siku ya kusaini. Kisha fungueni daftari la mali, muandike mashine, namba yake, tarehe iliyonunuliwa, nani anakaa nayo na tangu lini, na anayekaa nayo atie saini.